Damu haisubiri siku ya upasuaji

Bibi yangu aliteleza alfajiri ya Ijumaa akienda kutia udhu. Sakafu ilikuwa na utelezi wa sabuni ya jana, ndoo iko mkononi, naye akaenda chini kwa ubavu wa kulia. Tulipomfikia, mguu wa kulia ulikuwa umefupika kuliko mwenzake na wayo umelalia nje. Aliyewahi kukaa wodi ya mifupa hata wiki moja, akiuona mguu wa hivyo hangoji picha. Hiyo ni nyonga iliyovunjika.

Akili zetu zote zilikwenda kwenye mfupa. Utaungwaje? Chuma ni shilingi ngapi? Atatembea tena? Kwanza tulimwita mzee wa mtaa wa pili anayeunga mifupa, akamkanda, akamfunga vijiti, ikapita Ijumaa, ikapita Jumamosi. Jumapili jioni ndipo tulipomfikisha hospitali. Daktari kijana aliyempokea hakuanza na mfupa. Aliuliza, "Bibi amelala hivi tangu lini?" Tukamwambia. Akanyamaza, akaandika kitu kwenye faili, kisha akatoa tepu kama ile ya fundi cherehani. Akahesabu sentimita 10 chini ya kinundu cha goti, akazungusha tepu kwenye shavu la mguu mmoja, halafu la pili. Tofauti ilikuwa sentimita 1 na nusu. Ingezidi 3, angeanza kushuku kwa nguvu.

Alikuwa akitafuta bonge la damu, na alilitafuta kabla hata hajaagiza picha ya nyonga. Siku ile niliona kama anapoteza muda. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba katika sisi wote tuliokuwa mle chumbani, ni yeye peke yake aliyekuwa anaangalia saa.

Bonge lenyewe

Damu kuganda ni rehema. Bila hivyo, mtu angekufa kwa kukatwa na wembe. Shida huja damu inapoganda ndani ya mshipa ambao haukukatika, hasa zile vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kubwa zilizojificha ndani ya misuli ya shavu la mguu, paja na kiuno. Bonge likikaa pale pale, mguu huvimba, huuma, huwa na joto. Mara nyingi halifanyi hata hayo. Linakaa kimya kabisa. Likibanduka, linapanda na mkondo wa damu, linapita upande wa kulia wa moyo na kwenda kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Dogo litampa mtu pumzi fupi na kichomi. Kubwa laweza kuua ndani ya dakika chache.

Kifo cha namna hiyo hupita bila kujulikana kirahisi. Mzee kavunjika, kalala siku kumi, anaendelea vizuri, anakula uji wake. Siku ya kumi na moja anainuliwa kwenda chooni, anashika kifua, anaishiwa nguvu mikononi mwa watu. Msibani tutaambiwa presha ilimpanda, au moyo ulisimama. Moyo kweli ulisimama, lakini kilichousimamisha kilitoka mguuni.

Mambo matatu kwa mpigo

Katikati ya karne ya 19, tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba bonge linaloziba mapafu mara nyingi halikuzaliwa mapafuni. Limesafiri kutoka kwenye vena za mbali. Waliokuja baada yake sana wakayafupisha mafunzo haya kuwa mambo matatu na kuyabandika jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na haraka ya kuganda. Mgonjwa wa kawaida aliyelazwa huwa na moja, pengine mawili. Mzee aliyevunjika nyonga anayo yote matatu, tangu dakika ya kuanguka.

Tuanze na mwendo. Moyo unaisukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, lakini kuirudisha juu ni kazi ya misuli ya shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, misuli inazikamua vena, na vali ndogo ndani yake zinazuia damu isirudi chini. Sasa mlaze mtu chali na mguu mmoja wenye maumivu yasiyosemeka. Hasogezi ule uliovunjika, na hasogezi hata ule mzima, kwa sababu ukisogea unaitikisa nyonga. Damu inatuama nyuma ya vali, kwenye vijifuko ambako oksijeni hupungua, na hapo ndipo bonge huanzia. Kwa hiyo usishangae bonge likikutwa kwenye mguu ambao haukuvunjika.

Ukuta wa mshipa hauhitaji maneno mengi. Mfupa umevunjika jirani na vena kubwa ya paja, nyama zimevimba na kubana, na wakati wa upasuaji mguu hukunjwa na kupindwa ili chuma kiingie.

Damu yenyewe ndiyo yenye kisa kirefu. Mwili hauwezi kutofautisha kati ya mkuki na sakafu ya bafuni. Unachojua ni kwamba tishu zimepasuka. Unamwaga kwenye damu kila kitu cha kugandisha, na wakati huo huo unaupunguzia kasi ule mtambo wa kuyeyusha mabonge. Hali hii haiishi jeraha linaposhonwa. Inaendelea kwa wiki kadhaa.

Na kuna maji. Mvunjiko wa chini kidogo ya shingo ya mfupa wa paja unaweza kumwaga lita nzima ya damu ndani ya paja bila hata tone moja kuonekana nje. Mzee naye hisia ya kiu imeshapungua kwa umri. Halafu anajizuia makusudi. Bibi yangu alikuwa akilowesha midomo tu, na nilipomuuliza akasema kwa sauti ya chini hataki kumsumbua nesi wa usiku kwa chombo cha haja ndogo. Ongeza kufungishwa: asile wala asinywe tangu saa sita usiku kwa sababu kesho anaingia chumba cha upasuaji, kesho inafika, ajali ya bodaboda inaletwa, anaambiwa ngoja keshokutwa. Mara mbili alifunga hivyo bila kupasuliwa. Hakuna daftari linaloandika "aibu ya kuomba chombo" kama kihatarishi cha damu kuganda, lakini mimi ningeiandika.

Takwimu zinazoonekana kugombana

Ukisoma juu ya jambo hili utakutana na namba zinazochanganya. Huku nusu ya wagonjwa wana bonge, kule ni wawili au watatu kati ya mia. Nani mkweli? Wote, ila hawahesabu kitu kimoja.

Mwaka 1959, Sevitt na Gallagher wa hospitali ya ajali ya Birmingham, Uingereza, walichapisha jaribio la wagonjwa 300 wa makamo na wazee waliovunjika shingo ya mfupa wa paja. Nusu walipewa fenindioni, dawa ya kuzuia damu kuganda inayofanya kazi kwa njia moja na warfarini, nusu hawakupewa. Katika wasiopewa, kama mmoja kati ya kumi alikufa kwa bonge la mapafu. Katika waliopewa, hakuna. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa bila kinga.

Miaka 40 na kitu baadaye, utafiti mmoja wa fondaparinaksi, sindano ya kuzuia damu kuganda, uliochapishwa mwaka 2003 uliwagawa wagonjwa wa nyonga waliokuwa tayari wamekwishapata kinga ya wiki moja. Wengine wakaongezewa wiki tatu, wengine wakachomwa sindano zisizo na dawa. Wote walipigwa picha maalumu za vena, hata kama hawakulalamika lolote. Walioachishwa dawa, asilimia 35 walikuwa na bonge mahali fulani. Walioendelea, asilimia 1.4. Ukihesabu wale tu walioonyesha dalili, namba zinashuka hadi asilimia 2.7 kwa 0.3. Yaani mabonge mengi ni ya kimya, na mengi mwili utayayeyusha wenyewe. Tatizo ni kwamba likiwa kimya, hujui ni lipi litakaloyeyuka na ni lipi litakalosafiri.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nusu ya wazee waliovunjika nyonga hupata damu kuganda", muulize: kwa picha au kwa dalili? Kwa kinga au bila kinga?

Nani yuko hatarini zaidi ya mwenzake

Umri wenyewe unahesabika kabla ya yote. Kwa vijana, bonge la vena humpata kama mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka. Kwa waliozeeka sana inakaribia mmoja kati ya 100. Hapo bado hajavunjika kitu.

Aliyewahi kupata bonge zamani ndiye wa kuangaliwa kwa jicho la kwanza, na hapa ndugu mna kazi, kwa kuwa faili la mwaka 1998 halipo na mgonjwa hakumbuki. "Mguu wa mama ulivimba baada ya kujifungua kitindamimba" ni habari ya maana sana kwa daktari wa mifupa, ingawa inasikika kama porojo. Saratani inafuata: huifanya damu iwe na haraka ya kuganda, na mara nyingine nyonga yenyewe imevunjika kwa sababu saratani imekula mfupa. Moyo uliochoka kusukuma, kiharusi kilichopoozesha mguu, figo dhaifu, unene, maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, vyote hivi vinaongeza mzigo. Mzee aliyepoteza kumbukumbu naye yumo, kwa njia ya mzunguko: haelewi anapoambiwa achezeshe vidole, kwa hiyo hachezeshi.

Kuna dhana kwamba damu kuganda ni ugonjwa wa Wazungu. Ilinishangaza kuikuta hata kwa watu wa afya. Ni kweli kwamba kasoro moja ya kurithi iliyo maarufu Ulaya, inayoitwa Faktari V Leiden, ni adimu kwa Waafrika. Lakini Marekani, ambako wamehesabu kwa muda mrefu, watu weusi hupata mabonge ya vena zaidi ya weupe. Na huku kwetu tuna vyetu. Kubeba kinasaba kimoja cha seli mundu, bila kuumwa seli mundu yenyewe, kunaongeza uwezekano wa bonge la mapafu. Kuishi na VVU nako kunaongeza, na waliolindwa na dawa tangu miaka ya 2000 sasa wanafikia umri wa kuvunjika nyonga.

Swali moja husahaulika kwa sababu jibu linaonekana liko wazi: kwa nini alianguka? Bibi yangu aliteleza kwa sabuni, basi. Lakini wazee wengine huanguka kwa sababu nimonia imewalegeza, au kiharusi kidogo kimewapitia, au mapigo ya moyo yamekwenda ovyo, na kila mojawapo ni kihatarishi cha bonge kilichotangulia mvunjiko. Mara chache hata bonge lenyewe ndilo lililoanza: limekwama kwenye mapafu, mtu akazimia, akavunjika. Familia inayosema "hakuteleza, aliona kiza tu akaenda chini" imsimamishe daktari imwambie.

Kihatarishi ambacho kiko mikononi mwetu

Umri hautapungua, na historia ya mwaka 1998 haitafutika. Kitu kikubwa tunachoweza kukigusa ni siku za kulala.

Wengi wetu tunadhani hatari ya damu kuganda inaletwa na upasuaji. Ndivyo nilivyodhani. Kwa fikra hiyo, kuchelewa kupasuliwa ni usumbufu na gharama tu, si hatari. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha kazi yao ya kuwapiga picha za vena wagonjwa wa nyonga kabla ya kupasuliwa. Kwa waliofika hospitali ndani ya siku mbili tangu kuanguka, waliokutwa na bonge walikuwa kama 6 kati ya 100. Kwa waliochelewa zaidi ya siku mbili, ambao walikuwa wachache, zaidi ya nusu tayari walikuwa nalo. Kisu kilikuwa hakijawagusa.

Hapa lazima nitenganishe masaa na siku, maana watu huvuka mpaka. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,970 katika nchi 17, uliolinganisha waliopasuliwa haraka sana, kama masaa 6 tangu mvunjiko kuthibitishwa, na waliopasuliwa baada ya kama masaa 24. Kukimbizana hakukupunguza vifo, ingawa waliowahi walichanganyikiwa akili kwa uchache na wakasimama mapema zaidi. Basi hakuna haja ya kumpigia kelele daktari kwa sababu ya mchana mmoja anaoutumia kurekebisha presha na chumvi za mwili. Ila utafiti ule ulifanyika mahali ambapo "kuchelewa" ni siku moja. Sisi tukisema kuchelewa tunazungumzia wiki.

Na tunajua wiki hizo zinakwendaje. Siku mbili kwa muunga mifupa. Siku moja ya kutafuta gari. Kisha mguu unafungwa bandeji, unaning'inizwa uzito ukingoni mwa kitanda ili misuli isibane, na familia inafungua kundi la WhatsApp la kuchangishana fedha za vyuma. Ndugu wawili wanatakiwa wakatoe damu. Mmoja amekonda, mwingine ana malaria. Bibi alilala siku 8 na uzito wake umening'inia. Katika siku hizo 8 kila mtu alikuwa anashughulika kwa upendo wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa siku zenyewe ndizo ugonjwa.

Wako pia wanaotibiwa kwa uzito peke yake bila kupasuliwa, wiki hata 8 au zaidi, kwa kuwa chuma hakikupatikana au mwili hauhimili. Hao ndio wenye siku nyingi kuliko wote, na kwa kuwa hawakupasuliwa ni rahisi kuwasahau kwenye orodha ya kinga.

Upasuaji ukionekana kwamba utasogea mbele, kinga yaweza kuanza kabla yake. Sindano za kuzuia damu kuganda ziitwazo heparini nyepesi, ambazo kwetu nyingi ni enoksaparini, hutolewa na kusitishwa angalau masaa 12 kabla ya kisu na sindano ya ganzi ya mgongo, ili damu isije ikavuja karibu na uti wa mgongo. Yule daktari wa tepu alimwanzishia bibi usiku ule ule wa Jumapili. Nikiangalia nyuma, hiyo huenda ndiyo sindano iliyomsaidia kuliko zote.

Dawa, na upande wake wa pili

Kila dawa ya kuzuia damu kuganda inazuia damu kuganda. Inasikika kama utani, lakini ndiyo mizani nzima: bonge upande huu, kuvuja damu upande ule. Mzee mwembamba mwenye figo dhaifu anaweza kurundika enoksaparini mwilini, kwa sababu hutolewa na figo. Na figo za wazee hudanganya. Kipimo cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, chaweza kurudi kizuri kabisa kwa bibi wa kilo 46, si kwa sababu figo ni nzima, bali kwa sababu misuli inayotoa hiyo kreatinini imebaki kidogo. Inabidi umri na uzito viingizwe kwenye hesabu, kisha dozi ipunguzwe.

Aspirini nayo imo, na ni rahisi mno kwa bei. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2000, lenye wagonjwa 13,356 wa nyonga kutoka Uingereza, Sweden, Afrika Kusini, Australia na New Zealand, lilionyesha kuwa miligramu 160 kwa siku kwa siku 35 hupunguza mabonge yenye dalili kwa kama theluthi moja. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa watu zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa ukakuta vifo havitofautiani kati ya aspirini na enoksaparini, ingawa mabonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa wenye aspirini. Habari njema kwa wasio na uwezo, lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 45 hivi. Sitaki mtu asome hapa akaenda kumbadilishia mama yake dawa. Aspirini ni bora kuliko kutokupewa chochote. Kama inamtosha mzee wa miaka 82 aliyewahi kupata bonge, hilo aamue anayemtibu.

Kuna suala jingine ambalo kwa wasomaji wengi wa pwani si dogo. Enoksaparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Bibi alipoambiwa, aligeuka akatazama ukutani. Fondaparinaksi hutengenezwa maabara bila mnyama, na tulipouliza tukaambiwa kwa mvunjiko wa nyonga haitolewi kwa mtu aliye chini ya kilo 50 kwa kuhofia kuvuja damu. Mjomba akaenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu, akarudi na jibu kwamba dharura ina hukumu yake. Bibi akakubali, kwa sharti kwamba asionyeshwe boksi. Nasimulia haya kwa sababu moja: mgonjwa asiyeambiwa hugundua mwenyewe, na akigundua huacha sindano kimya kimya, katikati ya siku ambazo anazihitaji.

Wale ambao tayari walikuwa wanameza dawa za kulainisha damu kwa ajili ya moyo, waseme mapema jina la dawa na saa waliyoimeza mara ya mwisho. Kwao hatari ni mbili zinazopokezana: wakiingizwa chumba cha upasuaji haraka watavuja, wakiachishwa bila mpango watagandisha. Chukua vidonge vyenyewe uende navyo.

Nikisogeza mada kidogo: msikande mguu uliovimba wa mtu aliyelala muda mrefu. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa maji ya moto. Nia ni nzuri, lakini shavu la mguu lenye bonge ndani, likikandwa, linaweza kumwachilia msafiri. Na kipimo cha damu kinachoitwa D-dimer kikirudi juu baada ya mvunjiko hakithibitishi bonge, kwani mvunjiko peke yake hukipandisha. Kinachosaidia ni altrasaundi ya vena za mguu.

"Mguu wenyewe wa kuazima"

Asubuhi baada ya upasuaji alikuja msichana wa mazoezi tiba. Sisi tulikuwa tumemfunika bibi vizuri, mito miwili, pazia limeshushwa, tunaongea kwa kunong'ona. Yule binti akavuta pazia.

"Shikamoo bibi. Haya, tuinuke."

"Marahaba. Tuinuke twende wapi? Mguu wenyewe wa kuazima huu."

"Hapo hapo kando ya kitanda, bibi. Mjukuu wako nikuone umesimama."

Mama mdogo alitaka kumfukuza. Kwa mila zetu, mgonjwa hupumzishwa, na anayemwinua mkongwe aliyetoka kupasuliwa jana anaonekana hana adabu. Lakini chuma kimewekwa ili kibebe uzito siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo tofauti yake na hogo. Bibi alisimama kwa kuhesabu hadi kumi, akakaa, akaomba maji. Akanywa glasi nzima, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ya kwanza, kwa kuwa sasa alijua anaweza kwenda chooni kwa miguu, au angalau kwa miguu na wasaidizi.

Kati ya mazoezi na mazoezi, binti yule alimwachia kazi moja ya kitandani: kuvuta vidole vya miguu kuelekea usoni, kisha kuvisukuma kama anayekanyaga cherehani. Bibi alishona nguo miaka 30. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Siku 35

Ruhusa ya kwenda nyumbani inakuja siku ya tano au ya saba, na hapo ndipo wengi huangusha kinga, kwa sababu neno "ruhusa" linasikika kama "umepona". Hali ya damu kutaka kuganda haijaisha. Miongozo mingi ya kitabibu inataka kinga ya siku 10 hadi 14 kwa uchache, na ikiwezekana hadi siku 35 tangu upasuaji. Uliza kabla hujatoka: sindano au vidonge, vya siku ngapi, vinapatikana duka gani, na nani atachoma.

Katika siku hizo, mambo ya kumrudisha hospitali bila kungoja asubuhi ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, maumivu mapya ya shavu la mguu, pumzi kuwa fupi ghafla, kichomi cha kifua anapovuta hewa, kukohoa damu, au kuzimia. Kwa mzee mkongwe dalili yaweza kuwa kuchanganyikiwa tu, kuanza kumwita mtoto wake kwa jina la marehemu. Na upande wa pili wa mizani: kinyesi cheusi kama lami, kidonda kinachozidi kulowesha bandeji, au kugonga kichwa.

Kwetu mchomaji alikuwa mama mdogo. Saa mbili usiku, baada ya isha, anaifinya ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu, leo kulia, kesho kushoto, hapasugui baada ya kuchoma ili pasivilie damu. Sindano zilizotumika zilikwenda kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa. Kalenda ya ukutani ilijaa alama za kalamu nyekundu.

Jioni ya siku ya 35 alipotokea na pamba mkononi, bibi alikuwa kibarazani, kitembezi chake kimeegemezwa ukutani, ungo wa mchele mapajani.

"Leo upande gani?" akauliza bila kuinua macho.

"Kulia, mama. Ya mwisho hii."

"Basi ngoja nimalize chuya."